Nilichojifunza kwa kuchungulia ngozi za watu huku Kanda ya Ziwa

Mimi ni tabibu wa ngozi, nipo Mwanza. Ngozi nilisomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo pale hospitali ya KCMC kilichoanza 1992 ambacho kinachukua wanafunzi toka nchi nyingi tu za Afrika, na tangu nirudi huku nusu ya kazi yangu ni kliniki ya mjini, nusu nyingine ni kuzunguka visiwani na mialoni, kule mitumbwi inakoshushia samaki, Ukerewe, Ukara, Kome, huko huko.

Kuna swali naulizwa sana na madogo wanaoanza kazi, kwamba hivi vipimo vya mwanga vya kuangalia ngozi bila kumkata mtu vinasaidia kweli au ni mbwembwe. Vinasaidia, tena sana. Ila msaada nilioupata mimi huku haufanani sana na ule unaotangazwa, ndo maana nimekaa niandike.

Tuanze na kidude chenyewe. Kinaitwa demoskopu, lenzi inayokuza mara 10 hivi, imezungukwa na taa ndogo, unaiweka kwenye ngozi unachungulia au unaibandika kwenye kamera ya simu unapiga picha. Mara 10 ukisikia unaweza kudharau, hata fundi saa ana lenzi yake. Lakini kukuza sio ishu bhana, ishu ni mng'ao. Ile ngozi ya juu kabisa, iliyokufa, inarudisha mwanga mwingi kwa hiyo jicho linaishia pale pale juu, ni sawa na mvuvi anayeangalia ziwa saa sita mchana, anaona kung'aa tu, akivaa miwani ya polaraizi ndo anaona mpaka mawe ya chini. Demoskopu za siku hizi zina vichujio viwili vya hivyo vimewekwa msalaba, mwanga uliogonga juu ukarudi unazuiliwa, uliozama ndani kidogo ndo unaruhusiwa kupita. Za zamani hazina vichujio, unapaka jeli ya utrasaundi au sanitaiza alaf unagusisha kioo, mng'ao unakufa. Mimi zote natumia, inategemea kipi kina chaji siku hiyo.

Ukishavuka pale juu, rangi zinaanza kukupa kina. Melanini, yaani ile rangi ya asili ya ngozi, ikiwa juu kabisa inaonekana nyeusi, ikishuka kidogo inakuwa kahawia, ikizama kwenye ngozi ya ndani inakuwa kijivu kinachoelekea bluu. Melanini ni ile ile, kilichobadilika ni njia ambayo mwanga umepita mpaka kukufikia. Mimi hili lilinichukua muda kuliamini, nilidhani bluu ni rangi ya ugonjwa mwingine.

Kwa mtu mwenye ualbino sasa hiyo melanini hakuna au ipo kiduchu, kwa hiyo unachosoma ni mishipa ya damu na magamba. Kansa inayowasumbua zaidi watu wenye ualbino Afrika ni ile ya skwamasi, yaani ya seli bapa za ngozi ya juu, haianzi ghafla, mara nyingi inatanguliwa na madoa makavu ya jua juu ya masikio, mdomo wa chini, kisogoni, mgongo wa kiganja. Madoa haya kidole kinayajua kabla ya jicho, ukipitisha kidole yanakwaruza. Chini ya lenzi unaona wekundu umezunguka vitundu vya vinyweleo na kila kitundu kina kikoki cha njano. Doa linapoanza kugeuka unaona miduara myeupe, unaona bonge la magamba meupe ya njano katikati, mishipa imejiviringa au imepinda ikarudi ilikotoka, na vidoa vya damu. Na hapa kuna kitu kidogo ila kinaharibu kila kitu, ukikandamiza lenzi unaifinya mishipa yote, damu inatoka, unaona peupe unaandika hamna shida. Weka jeli nyingi, lenzi ielee juu yake, mkono mwepesi. Huwa nawaambia wanafunzi kama mgonjwa amehisi umemgusa, umekandamiza.

Kuhusu jua niseme kidogo tu maana wengi wanajua. Mwanza ipo nyuzi kama mbili na nusu tu kusini mwa ikweta na ziwa lenyewe lipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu halina likizo. Wanachosahau watu ni mchanga. Mtu anaanika dagaa, amevaa kofia pana, amejitahidi, lakini mchanga mkavu unarudisha sehemu ya miale kutoka chini, inampata kidevuni na chini ya pua ambako kofia haifiki. Ndo maana losheni ya jua bado inatakiwa hata na kofia, na tushukuru ile ya Kilisun iliyoanzia pale pale KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, ikifika kwa wakati inafanya kazi kubwa.

Haya, sasa lile jambo lenyewe. Fungua kitabu chochote, faida za vipimo vya mwanga ni zile zile, hakuna maumivu, hakuna kovu, majibu hapo hapo. Sawa kabisa. Ila huku kwetu kuna sababu nyingine ambayo sikuisoma popote, nimeikuta kwenye mabenchi ya zahanati. Chukua mtu mwenye ualbino wa Kanda ya Ziwa ambaye miaka ile ya 2007, 2008, 2009 alikuwa mtoto. Miaka ile watu wenye ualbino waliuawa na wengine kukatwa viungo huku huku kwetu, watoto wakatolewa nyumbani wakapelekwa kuishi kwenye shule za bweni zenye ulinzi, wazazi wengine wakawa wanalala wamelikalia panga mlangoni. Mtoto yule leo ni mtu mzima ana kidonda sikioni. Unakuja wewe na gari, hakujui, umevaa glavu, unamwomba kipande cha nyama yake uondoke nacho mjini. Hata ungesema kwa upole wa namna gani, ombi lako linatua sehemu mbaya.

Nilimpata dada mmoja wa namna hiyo, mfanyabiashara wa dagaa, amekuja kliniki ya kisiwani na mama yake mdogo. Kule alikoanzia tiba alishaambiwa habari ya kinyama, akatoka kama anaenda chooni hakurudi, ukapita msimu mzima wa dagaa. Mama mdogo ndo aliyeanza kuongea, yeye dada alikuwa ameinamia kanga yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi nakwambia mapema dokta, huyu mkianza habari ya kukata tunaondoka na boti ya saa tisa."

"Sikati mtu mama. Leo naangalia tu, na ninachokiona mimi na nyie mtakiona."

Hiyo ahadi ya mwisho naomba muishike, inafanya kazi kuliko maneno yote ya ushauri nasaha niliyofundishwa. Nikabandika demoskopu kwenye simu nikaanza na sikio zima, lile lisilo na kidonda, nikampa ashike simu mwenyewe. Alaf shingo. Alaf mkono. Madoa yalikuwa mengi kwa kweli, ukiyaangalia kwa macho karibu yote yanafanana, makavu, mekundu. Kwenye skrini hayafanani. Mengi yalikuwa ni yale ya vikoki vya njano, yametulia. Tulipofika sikio lenye kidonda hata sikusema kitu, yule dada alikuza picha kwa vidole viwili akasema hii mbona imejaa vijimishipa na huku kweupe, ile nyingine haina. Tayari ameshajisomea.

Tukakaa sana. Maswali yake yalikuwa ya mtu mwenye akili zake timamu: kinyama kinaenda wapi, nani anakishika njiani, wakimaliza kukipima kinachobaki wanakifanyia nini. Nikamjibu moja moja. Kinakatwa hapa mbele ya mama yako mdogo, kinaingia kwenye kichupa chenye fomalini, jina lako linaandikwa na wewe ukiona, maabara wanakikausha maji wanakitia kwenye nta wanakata vipande vyembamba sana wanavipaka rangi wanavisoma kwa hadubini, na hicho kipande cha nta kinatunzwa stoo chenye namba, hakitoki hovyo. Akasema basi kichupa nabeba mwenyewe. Kwa hapa kwetu hilo ni jambo la kawaida tu, ndugu wanabeba sampuli kila siku, nikamwambia haina shida. Akaenda nacho kwenye kikapu chake mpaka dirisha la maabara mjini, akasubiri mpaka amepewa risiti yenye namba.

Majibu yalikuwa skwamasi, bado ya mwanzo. Ikatolewa yote na ukingo kidogo wa sikio. Yale madoa mengine hatukuyakata hata moja, yalikuwa yametulia, tukayagandisha kwa naitrojeni ya maji, ile yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, yanachubuka yanapona. Bila lenzi ingekuwa mojawapo ya mambo mawili, aidha nimwombe vinyama vinne vitano akimbie tena, au nigandishe vyote pamoja na kile chenye kansa, ambapo juu pangepona vizuri na chini kansa inaendelea na safari. Hilo la pili ndo baya zaidi na sio la kufikirika.

Kwa hiyo mtu akiniambia mwanga utaondoa kisu huwa nakataa. Kwangu mimi mwanga umenisaidia kuomba kidogo, kwa sababu inayoonekana, kwa mtu ambaye ana haki zote za kuniogopa.

Na kuna mahali lenzi unaiweka mfukoni kabisa. Kitu kimeinuka, kigumu, kinakua haraka, hicho hakisubiri picha nzuri. Kuna melanoma, ile kansa inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi, ambazo hazina rangi, za waridi tu, kwa mtu mwenye ualbino zinajificha vizuri mno, na lenzi inaweza kukuonyesha mishipa michache isiyo na maana ukajifariji. Hapo unakata au unatoa rufaa hospitali ya Bugando, hujadili.

Nimewasema watu wenye ualbino sana, nije kwa sisi weusi maana kuna dhana kwamba mtu mweusi hapati kansa ya ngozi. Tunapata kidogo, kweli, lakini melanoma ikitupata inapenda kwenda ambako hatuangalii, nyayoni, viganjani, chini ya kucha. Bob Marley yake ilikuwa chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akafa 1981 na miaka 36, huu mfano nautumia sana kwenye mialo maana kila mtumbwi wa pili una jina lake au bendera yake.

Mzee mmoja mvuvi alikuja kwa ajili ya muwasho, upele wa kawaida, tena lenzi ilimwonyesha mdudu mwenyewe, ile pembetatu ndogo nyeusi mwisho wa njia, akacheka akasema kumbe nimefuga. Nikamwambia baba vua na viatu. Akashangaa, muwasho upo tumboni viatu vya nini. Mimi sasa hivi mtu yeyote akikaa mbele yangu anavua viatu, hata amekuja na chunusi. Kisigino cha kushoto kilikuwa na doa jeusi, kingo zimeparaganyika.

"Hilo mwanangu ni mwiba wa sangara, ulinichoma zamani."

"Zamani lini baba?"

"Aah zamani. Ila saivi limekua."

Nyayo zetu zina mistari, ile ile ya alama za vidole, ina matuta na mifereji. Doa zuri rangi yake inakaa kwenye mifereji, doa baya inakaa kwenye matuta, hii walituonyesha Wajapani, timu ya Toshiaki Saida, maana na wao melanoma zao nyingi zinatokea nyayoni. Shida ni kwamba ukichungulia kwenye ngozi nyeusi yenye sugu huwezi kujua kirahisi tuta ni lipi na mfereji ni upi. Dawa yake ni wino wa maka peni. Unapaka juu ya doa, unafuta na pamba, wino unabaki kwenye mifereji tu, alaf unachungulia rangi ya doa ipo kwenye mstari wa wino au katikati yake. Kipimo cha bei ya kalamu, nimekitumia kuliko vingi vya bei mbaya. Ya mzee ilikuwa kwenye matuta, na doa lilikuwa limeshapita milimita 7, ambacho ni kipimo kingine wanachokitumia, nyayoni likizidi hapo na halina mpangilio mzuri linakatwa. Lilikatwa, ilikuwa melanoma, akafanyiwa upasuaji.

Ila msikimbie na hilo mkaanza kukata nyayo za watu, maana kwa watu weusi yapo madoa ya kawaida kabisa ya nyayo ambayo nayo yanafuata matuta. Angalia mguu wa pili. Yakiwa mengi, pande zote mbili, yamefanana, tulia. Likiwa moja, la peke yake, linabadilika, hapo ndo unyanyuke. Kucha hivyo hivyo, mistari ya kahawia kwenye kucha nyingi za mtu mweusi ni kawaida, mstari mmoja unaopanuka na rangi imemwagika mpaka kwenye ngozi ya shina la ukucha sio kawaida. Na funza je? Funza nyayoni naye ni doa jeusi, wameniletea watu wanalia wamesoma kwenye simu wakajua ni kansa, lenzi inakuonyesha kitundu katikati na duara la kahawia kuzunguka, hapo tunachokitafuta ni sindano safi na maji ya chumvi.

Hapa nigusie vitabu. Picha za vitabu vya demoskopi karibu zote ni ngozi za wazungu, na nilichokuja kukigundua ni kwamba kwa wagonjwa wangu wenye ualbino zinanisaidia vizuri tu. Ni huyu jirani yake mweusi, wamekaa benchi moja, ndo kitabu hakina la kusema juu yake. Wekundu wa kitabuni kwetu ni zambarau, au kijivu, au kahawia iliyokolea. Mtu asikwambie hakuna uvimbe kwa sababu hajaona nyekundu.

Programu za kompyuta za kusoma picha zimerithi ugonjwa huo huo. Mwaka 2017 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa programu iliyofundishwa kwa picha 129,450 ikashindana na madaktari bingwa wa ngozi, dunia ikashangilia, na sisi tukashangilia. Mwaka 2022 watafiti wa Stanford hao hao wakakusanya picha 656 zilizothibitishwa kwa kinyama, za rangi zote za ngozi, wakazijaribu programu mbalimbali, na nyingi zikashuka hasa kwenye ngozi nyeusi. Mimi sishangai. Nakupa mfano wa benchi: zipo programu za bure kwenye simu, kijana alinionyesha moja imemwambia tangotango lake la mgongoni ni hatari kubwa, alaf ikapitisha doa la ukucha la mama yake kwamba ni salama. Na mama ndo tuliyemshughulikia.

Simu zenyewe nazo zina mambo. Wenzetu wa zahanati za mbali wanatutumia picha kwa WhatsApp na ni msaada mkubwa sana, inaokoa nauli ya boti na siku mbili za mtu kuacha kazi. Ila simu nyingi za siku hizi zimewekwa kile kitu cha kulainisha sura, unapiga picha ya kidonda inakuja ngozi ya bibi harusi. Nimeletewa picha ya shavu nikajibu mbona safi, muuguzi akanipigia akasema dokta hapa kuna kidonda kinatoa damu. Zimeni hiyo. Piga ukiwa kivulini, jua kali linaunguza picha. Piga tatu, ya mbali tujue ni sehemu gani ya mwili, ya karibu na rula pembeni, na ya lenzi kama ipo. Na sura ya mtu usiitume kama doa lipo mguuni, na usiitume kwenye grupu la familia kwa bahati mbaya, nimeshuhudia.

Taa ya Wood ndo kipenzi changu kwa sababu ya vituko vyake. Ni ya zamani sana, Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, alitengeneza kioo chake cha kuchuja mwanga 1903, na kuanzia 1925 ikaanza kutumika kuangalia fangasi wa nywele. Inatoa miale ya zambarau ambayo macho hayaioni vizuri, ngozi inajibu kwa rangi. Vitiligo, ule ugonjwa wa mabaka meupe, inawaka nyeupe ya bluu, kali mpaka unaona mpaka wake kama umechorwa. Tangotango njano njano. Baadhi ya fangasi wa kichwani wanatoa kijani, ila sio wote, mapunye mengi ya huku hayawaki kabisa kwa hiyo kutowaka hakumaanishi mtoto amepona. Inahitaji giza totoro, na zahanati za visiwani madirisha hayana mapazia, kwa hiyo tunaazima kanga za akina mama tunaziba, siku umeme ukikatika kila mtu analalamika isipokuwa sisi.

Alaf kuna mafuta. Mama wa Kitanzania hawezi kumpeleka mtoto hospitali hajampaka mafuta ya mgando, mtoto anang'aa. Chini ya taa ya Wood mafuta yanawaka bluu, nyuzi za nguo zinawaka, sabuni ya unga iliyobaki kwenye shati inawaka, kwa hiyo mtoto mzima ni disko. Futa, subiri kidogo, angalia tena.

Alikuja mama mmoja na binti yake mwenye doa jeupe shavuni, majirani wameshasema ni ukoma, mtoto ameshahamishwa dawati shuleni. Taa ikawaka vizuri ile nyeupe kali, vitiligo. Lakini nilichukua na pamba nikamfumba macho binti nikamgusa ndani ya doa na nje ya doa, akawa anaonyesha kwa kidole kila nilipogusa bila kukosea. Doa la ukoma mara nyingi linapoteza hisia. Ile pamba ndo iliyomtuliza mama kuliko taa, akaomba aguse mwenyewe. Nikamwambia pia hata ungekuwa ukoma, dawa zipo na tangu 1995 zinatolewa bure duniani kote, akaniangalia kama namficha kitu.

Mwisho mashine kubwa, maana ndo zinazoulizwa. Nilishapata mafunzo mafupi Ulaya nikakalishwa mbele ya mikroskopu ya konfoko. Wazo lake ni la Marvin Minsky, Mmarekani, 1957, ya ngozi ikaja miaka ya tisini. Leza ya nanomita 830 inaingia kwenye ngozi, kitundu kidogo kinaruhusu mwanga wa tabaka moja tu urudi, unaona seli, yaani seli moja moja za mtu aliye hai amekaa anapiga stori na wewe. Na melanini ndo inayowaka kuliko vyote humo, seli zetu zimejaa taa. Nilikaa pale nikasahau chakula. Halafu kuna OCT, mashine nyingine ya mwanga, ya chuo cha MIT cha Marekani ya 1991, ilianzia kwenye macho na kliniki za macho wanaijua sana, hiyo inazama milimita moja hadi mbili, ila seli moja moja haikuonyeshi vizuri, inakupa matabaka, unajua uvimbe umeenda chini kiasi gani kabla daktari wa upasuaji hajashika kisu.

Sasa hesabu. Konfoko inaona mpaka robo ya milimita hivi, ikizidi hapo mwanga umeshapotea. Ngozi ya juu ya kisigino cha mvuvi inaweza kuzidi milimita nzima. Skwamasi iliyovaa magamba manene, leza inaishia kwenye magamba. Maana yake hata wangetuletea kesho, ingeshindwa hasa pale wagonjwa wetu wanapoumwa, nyayo na magamba, na ingefanya vizuri kwenye uso laini wa mtu ambaye lenzi ya mara 10 ingetosha. Bei yake nayo unajenga nyumba nzuri tu Buswelu na kiwanja kinabaki.

Bosi mmoja wa mradi aliniuliza mkipewa hela mngenunua nini, nafikiri alitegemea niseme hiyo. Nikamwambia demoskopu moja kila zahanati ya mwalo na mtu aliyefundishwa kuitumia, naitrojeni isiyoishia njiani, wataalamu wa patholojia waongezwe ili majibu ya kinyama yasikae mpaka mtu akate tamaa, na mafuta ya boti. Akaandika. Akauliza na konfoko je? Nikamwambia ilete tu bosi, ila iletwe na stabilaiza, na fundi wake akae huku huku.